Mwendo wa Molekuli ndani ya Barafu: Ushuhuda wa Viini vya Haidrojeni

Neno kuganda, katika lugha yetu, hubeba maana ya kukwama na kutojongea. Atazamaye donge la barafu huafikiana na neno hilo bila shaka yoyote. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba maji yaliyoganda hayajatulia, na kueleza jinsi wataalamu walivyoutambua mwendo ambao jicho haliwezi kuuona.

Katika barafu ya kawaida, kila atomi ya oksijeni imezungukwa na jirani nne, zilizokaa kama ncha za piramidi yenye nyuso nne. Mnamo 1933 J. D. Bernal na R. H. Fowler walitoa kanuni mbili: kila oksijeni ina haidrojeni mbili zilizo karibu nayo, na baina ya oksijeni mbili jirani hukaa haidrojeni moja tu. Hapa ndipo penye fumbo. Molekuli ikitaka kugeuka, haidrojeni yake haina budi kuingia mahali palipokwisha kukaliwa na haidrojeni ya jirani. Kwa kanuni hiyo, barafu ingekuwa gereza. Hata hivyo, vipimo vya umeme huonyesha kwamba kwenye digrii 10 chini ya sifuri mgeuko huchukua kama sehemu moja ya 20,000 ya sekunde. Ni polepole sana tukilinganisha na maji ya kunywa, ambamo mgeuko huchukua kama sehemu moja ya bilioni 100 ya sekunde. Lakini si utulivu. Niels Bjerrum, mwaka 1951, alieleza kwamba kanuni huvunjwa mahali pachache: hapa haidrojeni mbili zabanana, pale hapana hata moja, na dosari hizo husafiri zikigeuza molekuli njiani.

Vipimo vya umeme, lakini, hutoa habari za molekuli zote kwa jumla. Ilihitajika njia ya kuuliza haidrojeni yenyewe. Njia hiyo iligunduliwa Marekani na kutangazwa mwaka 1946 na makundi mawili, moja la Felix Bloch na jingine la Edward Purcell, waliopewa Tuzo ya Nobel mwaka 1952. Kiini cha haidrojeni ni sumaku ndogo. Kikiwekwa kati ya sumaku kubwa hupepesuka kama pia inayozunguka, na mawimbi ya redio yenye mapigo yaleyale hukiamsha. Katika sumaku ya tesla 1, mapigo hayo ni kama milioni 42.6 kwa sekunde. Wafaransa huandika kwa ufupi RMN. Hapa tutasema resonansi ya sumaku. Wako wanaopendelea «mwangwi», nasi hatukubali: mwangwi ni sauti irudiyo baada ya kugonga mlima, ilhali hapa kiini huitikia kwa sababu kimeitwa kwa mapigo yake hasa.

Sasa, kila kiini husumbuliwa na sumaku za jirani zake. Katika maji, molekuli hupinduka kwa haraka hata masumbufu hayo yafutane, na mwitikio huwa mwembamba sana. Katika barafu masumbufu hudumu, na mwitikio hupanuka hadi makumi ya maelfu ya mapigo kwa sekunde. Upana wa mwitikio, basi, ni kipimo cha mwendo.

Ushahidi ulio wazi zaidi ulitoka katika barafu ya maji mazito, ambamo haidrojeni nzito, yaani deuteri, imechukua mahali pa ile ya kawaida. Kiini cha deuteri kina sifa ya thamani: mapigo yake hutegemea pembe iliyopo baina ya kiungo chake na sumaku kubwa. Kila upande una sauti yake. Mnamo 1988 F. Fujara, S. Wefing na W. F. Kuhs walichukua fuwele moja ya barafu hiyo, wakasikiliza sauti ya kiini, wakangoja kidogo, wakasikiliza tena. Kiini kilichoanza na sauti ya upande mmja kilisikika baadaye na sauti ya upande mwingine. Haidrojeni ilikuwa imeruka, na miruko yake ilifuata pande za ile piramidi.

Je, huruka kwa dosari za Bjerrum pekee? Lars Onsager na L. K. Runnels, katika miaka ya 1960, walikwisha kulinganisha vipimo vya sumaku na vya umeme, wakaona kwamba molekuli nzima huhama kwa kasi isiyoweza kuelezwa na dosari hizo. Walipendekeza kwamba baadhi ya molekuli hutoka mahali pake, hupenya katika nafasi wazi za fuwele, kisha hutua mbali kidogo zikiwa zimeelekea upande mpya. Baridi ikizidi, mwendo huu hufifia upesi: kutoka digrii 10 hadi 50 chini ya sifuri, mgeuko huwa wa polepole kama mara 100, lakini haukomi.