Usiumwage Udongo wa Debe, Umechoka Tu

KASKAZI inapoelekea ukingoni na jua la Machi limeshaibabua mboga yako ya mwisho, je, mpenzi msomaji, udongo uliobaki katika madebe yako huufanyaje?

Kwa wengi wetu tunaoishi Bondeni na mitaa ya jirani, ambako nyumba zimebanana na shamba ni dari au kibaraza, jibu ni rahisi. Debe huinamishwa, udongo ukamwagwa, kisha mtu wa mkokoteni akaagizwa gunia jingine la udongo mwekundu kutoka bara. Udongo hulipiwa, mkokoteni hulipiwa, na kijana wa kulipandisha gunia ngazi hadi juu naye hana budi kupewa chochote. Baada ya misimu miwili mambo huwa ni yale yale.

Jirani yangu mmoja alikuwa karibu kufanya hivyo baada ya mwasumini wake wa tatu kukauka. Alikuwa ameshaamini kwamba udongo wake umekufa. Tulipolipindua debe tuliona ukoko mweupe juu, udongo ulioshikana kama tofali katikati, na mizizi iliyojizungusha chini kama kamba. Udongo ule haukuwa umekufa. Ulikuwa na njaa, ulikosa hewa, na zaidi ya yote ulijaa chumvi.

Chumvi ya kisima

Tuanze na hiyo chumvi, maana ndiyo inayowashinda wengi hapa kisiwani. Mombasa imekaa juu ya mawe ya matumbawe na imezungukwa na maji ya bahari. Visima vingi vya mjini ni vya maji ya chumvichumvi. Ni kweli kwamba maji ya chemchemi za Mzima yalianza kuletwa kwa bomba katika miaka ya 1950, lakini ni nani asiyejua jinsi mfereji unavyoweza kukauka siku kadha mfululizo? Mtungi wa kununua ni wa kunywa na kupikia. Mimea hupewa ya kisima.

Shambani, mvua kubwa huisukuma chumvi chini kabisa, mbali na mizizi. Ndani ya debe haina pa kwenda. Jua hunyanyua maji, chumvi ikabaki, na kila siku huongezeka kidogo hadi ncha za majani zikaanza kuungua ilhali udongo una maji tele. Mbolea ya dukani nayo ni chumvi ya aina yake, na ukiizidisha unaongeza mzigo juu ya mzigo.

Ili kuiondoa, kwangua ule ukoko mweupe uutupe. Hakikisha debe lina matundu chini, kisha mwagia maji matamu polepole yapenye hadi yatoke. Udongo uliojaa chumvi huhitaji maji mara mbili au tatu ya ujazo wa debe lenyewe, yaani lita 40 hadi 60 kwa debe la lita 20. Najua unavyowaza: ni nani atakayemwaga mitungi mitatu ya kununua juu ya udongo? Hakuna haja. Weka madebe yako wazi mvua za masika zinapoanza, mwezi wa Aprili, uiachie mvua kazi hiyo. Maji yake hayana chumvi wala hayana bei. Lakini kumbuka, maji yanayoosha chumvi huosha na chakula cha mmea. Kwa hiyo osha kwanza, ulishe baadaye. Wengi hukosea hapa, wakatia samadi Machi na kuiona ikiteremka na maji ya Aprili.

Mizizi husema

Kabla ya mvua hizo, mwaga udongo juu ya gunia, uuvunjevunje mabonge na uupitishe katika chekecheke. Usiitupe mizizi bila kuitazama. Ukiona imevimba vifundo, kana kwamba imevaa shanga, huenda ni minyoo fundo, wadudu wadogo wasioonekana kwa macho ambao hupenda sana tungule (nyanya), bamia na mabiringani.

Tahadhari hata hivyo. Mizizi ya kunde nayo huwa na vinundu, na hivyo ni neema. Ndani yake mna bakteria wanaochukua naitrojeni hewani na kuigeuza kuwa chakula cha mmea. Namna ya kutofautisha ni hii: kinundu cha kunde hubanduka kwa urahisi ukikisugua kwa kidole, na ukikipasua ukakuta wekundu ndani, kiko kazini. Kifundo cha minyoo hakibanduki kwa sababu ni mzizi wenyewe uliovimba.

Udongo wenye minyoo huadhibiwa kwa jua. Ulowanishe kidogo, uutandaze darini usizidi kina cha shibiri moja, ufunike kwa nailoni inayopitisha mwanga, ukandamize kingo kwa mawe, uuache wiki nne hadi sita za jua la Februari na Machi. Nailoni nyeusi haifai sana, kwani joto hubaki juu yake badala ya kuingia udongoni. Nazungumzia nailoni ya kukatwa kwa mita, si mifuko ya kubebea vitu, ambayo ilipigwa marufuku nchini tangu Agosti 2017.

Kama tungule zako zilinyauka ghafla zingali kijani, usiurudishie udongo huo tungule, pilipili, biringani wala viazi, maana wote hao ni ukoo mmoja na hugawana maradhi. Panda mchicha.

Chakula kutoka jikoni

Baada ya kuoshwa, udongo sasa unahitaji kulishwa. Kipimo kinachofaa ni madebe matatu ya udongo wa zamani kwa debe moja la mboji au samadi iliyooza vyema. Samadi ya mbuzi ni nzuri, ila iwe imekaa miezi miwili au mitatu hadi haina harufu tena. Samadi mbichi huchoma mizizi, na majirani watakulaumu.

Mboji unaweza kuitengeneza mwenyewe katika ndoo iliyotobolewa, kwa maganda ya ndizi na mboga na majani makavu. Machicha ya nazi, ambayo hayakosekani katika nyumba zetu, yanafaa pia, mradi yapite katika ndoo hiyo kwanza na yachanganywe na majani makavu mengi. Ukiyatia moja kwa moja katika debe, mafuta yake yataita sisimizi na panya kabla ya kuuita mchicha. Makumbi yaliyochambuliwa huupa udongo nafasi ya kupumua na hushika maji, ila yale yaliyolowekwa baharini kwa ajili ya usumba lazima yaoshwe mara kadha. Mchanga wa pwani usiuguse kabisa. Una chumvi, na sehemu kubwa ni vipande vya makombe na matumbawe.

Hapo tumefikia jambo ambalo vitabu vingi vya kilimo, vilivyoandikiwa watu wa nyanda za juu, vitakupotosha. Huko hushauriwa kutia jivu na chokaa ili kupunguza uchachu wa udongo. Sisi tumekalia chokaa! Udongo wa matumbawe una chokaa ya kutosha, na ukizidisha jivu mmea hushindwa kuvuta madini ya chuma. Utaona majani machanga yakigeuka manjano huku mishipa yake ikibaki kijani. Jirani yangu alikuwa akiutilia mwasumini wake jivu la jiko kila Ijumaa kwa nia njema kabisa. Badala yake tumia majani ya chai yaliyokwisha kazi, au mashapo kutoka kwa muuza kahawa wa mtaani. Yachanganye na udongo kidogo kidogo, maana yakirundikwa juu hukauka yakawa kifuniko kisichopitisha maji.

Iwapo ungali na shaka kwamba udongo waweza kufufuliwa, vuka daraja la Nyali uende Bamburi. Pale ambapo leo pana msitu na wanyama palikuwa ni machimbo ya mawe ya saruji, jiwe tupu lililochomwa na jua. Mwaka 1971 Rene Haller alianza kuyapanda miti. Alijaribu aina 26, na baada ya miezi sita zikawa zimesalia tatu tu, mmojawapo mvinje. Mvinje, kama kunde, hupata naitrojeni kwa msaada wa viumbe wadogo mizizini, lakini majani yake yaliyoanguka hayakuwa yakioza. Kilichoyageuza kuwa mboji ni majongoo, ambao waliyatafuna na kuyatoa yakiwa chakula cha miti. Ukimkuta jongoo ndani ya debe lako basi, usimponde.

Hata hivyo, usiongeze udongo wa kuokota majalalani au karibu na gereji. Katika mtaa wa Owino Uhuru, upande wa Mikindani, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliuchafua udongo kwa madini ya risasi na watoto wakadhurika. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe Sh1.3 bilioni. Risasi haiondoki kwa kuoshwa wala kwa jua. Udongo wako wa zamani, unaoujua ulikotoka, ni salama zaidi kuliko mpya usioujua.

Ukishachanganya, lowanisha, funika kwa gunia, na usubiri wiki mbili. Kisha finyanga konzi moja mkononi. Udongo mzuri hushikana, ukiuguza kwa kidole ukasambaratika. Ukibaki donge, ongeza makumbi. Mwishowe tia punje chache za mchicha katika kikombe cha udongo huo. Zikiota ndani ya wiki na majani yasiungue kingo, panda. Zikiungua, rudisha debe mvuani.

Jambo moja zaidi kwa wenye nyumba kongwe: debe la lita 20 lenye udongo uliolowa laweza kufika kilo 30, kwa hiyo yapange kando ya kuta, si katikati ya dari. Ya jirani yangu sasa yamejipanga ukutani, 14, na hakuagiza gunia lolote msimu huu. Mwasumini wa nne umo katika debe lile lile la ule wa tatu.