Kazi za nyumbani: zinampima mwanafunzi au nyumba yake?

Katika Kiswahili, maneno "kazi za nyumbani" yana maana mbili. Kwa mwalimu, ni mazoezi ambayo mwanafunzi hupewa akayafanye baada ya saa za masomo. Kwa mama anayemsubiri mlangoni, ni kuteka maji, kuosha vyombo, kupika na kumbeba mtoto mchanga. Kwa watoto wengi wa Afrika Mashariki, hasa wasichana, kazi hizo mbili hukutana jioni ile ile, na mara nyingi ile ya mwalimu ndiyo inayoshindwa.

Swali la iwapo mazoezi hayo yanamfaidi mwanafunzi limebishaniwa kwa zaidi ya karne moja. Mwaka 1901 jimbo la California, nchini Marekani, lilipitisha sheria ya kuyapiga marufuku kwa watoto wa chini ya umri wa miaka 15. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 1917, lakini mabishano hayakwisha. Wanaoyatetea husema yanamzoesha mtoto bidii na kujitegemea. Wanaoyapinga husema yanamnyang'anya usingizi, michezo na muda wa kukaa na jamaa zake.

Umri ndio unaoamua

Mwaka 2006 Profesa Harris Cooper wa Chuo Kikuu cha Duke, nchini Marekani, akishirikiana na wenzake, alichapisha mapitio ya tafiti zilizofanywa nchini humo kati ya mwaka 1987 na 2003. Kwa jumla, wanafunzi waliofanya kazi za nyumbani walipata matokeo bora kuliko wasiozifanya. Hata hivyo, uhusiano huo ulikuwa na nguvu kwa wanafunzi wa darasa la 7 hadi la 12, na ulikuwa dhaifu mno kwa walio chini yao.

Watafiti hao walitoa tahadhari. Kuonekana kwa mambo mawili pamoja si ushahidi kwamba moja limelizaa jingine. Huenda mwanafunzi anayemaliza mazoezi yake ndiye yule ambaye tayari anapenda kusoma, au anayetoka katika nyumba yenye vitabu na utulivu.

Sababu ya tofauti ya umri haifichiki. Mtoto mdogo huchoka upesi, na bado hajajifunza namna ya kusoma peke yake. Kijana wa sekondari anaweza kupanga muda wake na kugundua mwenyewe mahali alipokwama. Kwake yeye zoezi lina kazi maalumu: lililofundishwa leo husahaulika lisiporudiwa, na mwanafunzi anapojilazimisha kulikumbuka siku moja au mbili baadaye, bila kutazama daftari, hukaa akilini kwa muda mrefu zaidi. Haba na haba hujaza kibaba.

Kutokana na hoja hizo, Cooper ameunga mkono kipimo rahisi ambacho walimu wengi wa Marekani wanakijua: dakika 10 kwa kila darasa. Wa darasa la kwanza apewe kazi ya dakika 10, wa darasa la sita dakika 60, na wa darasa la 12 isizidi saa 2.

Wingi wa saa si wingi wa maarifa

Takwimu za PISA, mtihani wa kimataifa unaosimamiwa na Shirika la Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo, OECD, zinatoa funzo jingine. Mwaka 2012 wanafunzi wa umri wa miaka 15 katika nchi za shirika hilo walitumia wastani wa saa 5 kwa wiki katika kazi za nyumbani. Mjini Shanghai, China, zilikuwa karibu saa 14. Nchini Finland na Korea Kusini hazikufika 3. Wote hao walikuwa miongoni mwa waliofanya vizuri katika mtihani huo, ingawa katika Korea Kusini watoto wengi huhudhuria masomo ya ziada ya kulipia baada ya shule.

Takwimu hizo hizo zilidhihirisha jambo zito zaidi. Watoto wa familia zenye uwezo walitumia saa 5.7 kwa wiki, na wale wa familia za hali ya chini saa 4.1. Shirika hilo likauliza iwapo kazi za nyumbani, badala ya kupunguza pengo kati ya watoto, hazilipanui.

Nyumba hazilingani

Hapa ndipo penye kiini cha suala hili. Darasani watoto hukaa mbele ya ubao mmoja na mwalimu mmoja. Kengele ikilia, kila mmoja hurejea kwao. Mmoja anakuta meza, taa na mzazi aliyesoma. Mwingine anakuta chumba kimoja cha familia nzima na kibatari kinachopimiwa mafuta. Katika Afrika kusini mwa Sahara watu wapatao milioni 600 bado hawana umeme.

Msichana ana mzigo wake zaidi. Mwaka 2016 Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Watoto, UNICEF, lilieleza kwamba wasichana wa umri wa miaka 5 hadi 14 duniani hutumia muda mwingi kwa asilimia 40 kuliko wavulana katika shughuli za nyumbani zisizo na malipo.

Lugha nayo ni kikwazo. Nchini Tanzania, shule nyingi za msingi za serikali hufundisha kwa Kiswahili, lakini kuanzia kidato cha kwanza masomo ni kwa Kiingereza. Mzazi aliyekuwa akimsaidia mwanawe mwaka uliopita hujikuta ghafla hana la kusema. Hali kama hiyo huwakuta Waswahili walio ng'ambo: bibi mwenye asili ya Zanzibar mjini Muscat ambaye wajukuu wake wanaleta vitabu vya Kiarabu, au mzazi mjini London anayefanya kazi zamu ya usiku na kuondoka wakati mtoto anafungua daftari.

Hatua za serikali

Ufaransa ilipiga marufuku kazi za nyumbani za kuandika kwa shule za msingi tangu mwaka 1956, lakini walimu wengi waliendelea kuzitoa, na wazazi wengi kuzidai. Mwaka 2012 Rais François Hollande alitaka kazi hizo zifanyiwe shuleni, ili watoto wawe sawa. Mwaka 2017 nchi hiyo ilianzisha mpango wa kuwasimamia wanafunzi wa sekondari ya awali wakamilishe mazoezi yao kabla ya kurudi kwao.

China, mwezi Julai 2021, ilikataza kazi za kuandika nyumbani kwa madarasa mawili ya mwanzo, ikaweka kikomo cha dakika 60 kwa madarasa ya juu ya msingi, na dakika 90 kwa sekondari ya awali.

Nchini Kenya, mtaala wa umilisi ulioanza kutekelezwa kitaifa mwaka 2019 uliwataka wazazi washiriki zaidi. Wengi walilalamika kwamba wao ndio waliogeuzwa wanafunzi, wakitafuta vifaa na kulipia kuchapisha picha usiku. Mwezi Novemba 2022 Katibu wa Elimu ya Msingi, Belio Kipsang, alitangaza kwamba wanafunzi wa shule za msingi wasipewe kazi za nyumbani.

Daftari lisilosahihishwa

Marufuku, hata hivyo, haijibu swali la ubora. Zoezi lisilosahihishwa humfundisha mtoto kosa lake mwenyewe, kwa kuwa hulirudia akidhani ni sahihi. Mwalimu mwenye wanafunzi 80, akitumia dakika 3 tu kwa kila daftari, anahitaji saa 4 kuyamaliza. Maswali matano yaliyosahihishwa yana faida kuliko hamsini yaliyotiwa alama ya vema bila kusomwa.

Jibu la swali, basi, ni kwamba kazi za nyumbani humfaidi mwanafunzi aliyefikia umri wa kujisomea, zikiwa fupi, zikihusu alichokwisha fundishwa, na zikisahihishwa. Pale ambapo nyumba haina taa wala nafasi, haki ni shule kubakiza saa moja na darasa moja wazi baada ya masomo.

Mzazi asiyejua lugha ya kitabu naye hana sababu ya kujiona hafai. Anaweza kumpunguzia binti yake ndoo moja ya maji na kumpa kaka yake aibebe. Anaweza pia kumwambia mtoto amweleze kwa Kiswahili alichojifunza siku hiyo. Mtoto akiweza kukieleza, amekielewa. Akikwama, kesho atajua la kumuuliza mwalimu.