IFAHAMU KOMPYUTA YA MEZANI NA VIUNGO VYAKE

Kompyuta ya mezani imekuwa chombo cha kawaida katika ofisi za Serikali hapa Visiwani. Orodha za mishahara, kumbukumbu za vizazi na vifo, hati za ardhi na barua za kila siku hupita ndani yake. Hata hivyo, watumishi wengi huijua kwa nje tu: kuiwasha, kuandika na kuchapisha. Kutojua kilichomo ndani kuna gharama yake, nayo huonekana siku umeme unapokatika ghafla na kazi ya asubuhi nzima ikapotea. Makala haya yanaeleza viungo vikuu vya kompyuta, na kwa nini kazi hupotea.

Umeme na kifaa cha kuupokea

Umeme wa Unguja hutoka katika Gridi ya Taifa. Miongoni mwa vyanzo vyake vya siku nyingi ni kituo cha Kidatu, Mkoani Morogoro, kilichoanza kuzalisha mwaka 1975 kwa maji ya Mto Ruaha Mkuu, na chenye uwezo wa megawati 204. Kutoka huko, njia ya kilovolti 220 hupitia Morogoro, mji ulio chini ya Milima ya Uluguru, hadi Ubungo, Dar es Salaam. Umeme huvuka bahari kwa waya uliolazwa chini ya maji kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba. Waya wa kwanza uliwekwa mwaka 1980. Wa pili, wenye uwezo wa megawati 100, ulianza kazi mwaka 2013.

Katika njia ndefu namna hiyo, hitilafu ya mahali pamoja yatosha kuzima ofisi nyingi kwa mara moja. Wakaazi wa Unguja walikosa umeme huo kwa karibu mwezi mzima mwaka 2008, na tena kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010.

Ndani ya sanduku la kompyuta, kiungo cha kwanza kuupokea umeme ni kile ambacho mafundi hukiita pawasaplai. Kazi yake ni kuugeuza umeme wa ukutani, wenye volti 230 na mkondo geu, uwe wa mkondo mnyoofu wa volti 12, 5 na 3.3, ambao viungo vyengine huweza kuuhimili. Feni yake hutoa joto nje. Matundu yake yakizibwa kwa vumbi au kwa mafaili, joto hubaki ndani na kuharibu viungo.

Prosesa, kumbukumbu na diski

Maofisini, sanduku zima huitwa “sipiyu”. Jina hilo si lake. Sipiyu, yaani prosesa, ni kipande kidogo kilichopachikwa juu ya ubao mama, ambao ndio unaounganisha viungo vyote. Prosesa ndiyo inayotekeleza maagizo na kufanya hesabu.

Karibu na prosesa zimo kadi za kumbukumbu ya muda, maarufu kwa jina la ramu. Barua inayoandikwa sasa hivi na kuonekana mbele ya mwandishi, imo humo. Ramu ni nyepesi mno kufanya kazi, lakini ina sharti moja: huhifadhi kitu kwa muda wote ambao umeme upo. Umeme ukikatika, yote yaliyomo hufutika.

Diski kuu ni kumbukumbu ya kudumu. Iwe ya zamani, yenye sahani zinazozunguka, au ya kisasa isiyo na kitu kinachozunguka, diski hubaki na yaliyomo hata kompyuta ikizimwa kwa miezi. Amri ya kuhifadhi, ambayo wengi huiita “kusevu”, maana yake ni kuandika katika diski kile kilichomo ndani ya ramu.

Mfano wake ni maji ya Uluguru. Mvua inayonyesha katika milima hiyo huteremkia Mto Ngerengere, na bwawa la Mindu huyazuia maji hayo kwa matumizi ya mji wa Morogoro. Yasiyozuiwa huendelea hadi Mto Ruvu, na mwisho wake ni baharini karibu na Bagamoyo, mkabala na Unguja. Ramu ni mto. Diski ni bwawa. Kazi isiyohifadhiwa imekwenda na maji.

Viungo vya nje

Kibodi na kipanya huingiza taarifa. Kiwambo na printa huzitoa. Ni vyema ikaeleweka kwamba kiwambo si kompyuta. Anayezima kiwambo pekee mwisho wa kazi huiacha kompyuta ikiwaka, pengine pamoja na nyaraka zilizo wazi.

Mambo ya kuzingatia

Watumishi na wananchi wanakumbushwa yafuatayo:

1. Kazi ihifadhiwe kila baada ya dakika chache, si mwisho wake tu.

2. Kompyuta iunganishwe na betri ya akiba, yaani UPS. Betri hiyo hutoa dakika chache za kuhifadhi kazi na kuzima kwa utaratibu. Haikukusudiwa kuendeleza kazi ya siku nzima.

3. Umeme ukikatika, plagi ichomolewe, kwani umeme unaporudi huweza kuja na nguvu ya ziada.

4. Diski nayo hufa. Nakala ya nyaraka muhimu iwekwe katika chombo chengine, na chombo hicho kitunzwe katika jengo jengine. Nakala iliyo katika kompyuta ile ile si akiba.

5. Faili lililofutwa kwa kawaida huweza kurejeshwa na fundi. Hivyo basi, kompyuta ya ofisi isiuzwe wala kugawiwa kabla ya diski yake kusafishwa na mtaalamu au kuondolewa.

Sanduku na kiwambo vikiharibika, Serikali hununua vyengine. Kumbukumbu ya mzazi aliyesajili mwanawe, au ya mwananchi aliyelipia kiwanja, hainunuliki dukani. Hiyo ndiyo amana iliyomo mikononi mwa kila anayeketi mbele ya kompyuta.