Je, Wajua? Mwani wa Tangini Hulishwa na Mwenye Tangi

Nyuzi za kijani zinazofunika matumbawe katika tangi la kioo nyumbani mara nyingi huanzia kwenye kopo la chakula cha samaki. Chakula kisicholiwa huoza na kuacha naitreti na fosfeti majini, na hiyo kwa mwani ni mbolea. Maji ya bomba nayo huweza kuwa na mbolea hiyo, ndiyo maana wafugaji makini huyachuja vizuri kabla ya kuyatia chumvi.

Baharini mwani hudhibitiwa na walaji wake. Mwaka 1983 ugonjwa ulizuka upande wa Karibi wa Panama, ukaua karibu Diadema wote wa bahari ile, wale viumbe wa mviringo wenye miiba mirefu myeusi. Huko Jamaika, ambako samaki wala mwani walikuwa wamevuliwa kupita kiasi na kimbunga cha 1980 kilikuwa kimevunja matumbawe mengi, hasara ilikuwa kubwa mno: matumbawe hai yaliyofunika takriban asilimia 50 ya mwamba mwishoni mwa miaka ya 1970 yalibaki chini ya asilimia 5 mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mwani ukatawala. Kwenye miamba ya pwani yetu, tasi na pono ni miongoni mwa walaji hao.

Basi usikimbilie dawa. Mwani ukifa wote kwa mpigo huoza na kumaliza oksijeni. Punguza chakula, badilisha sehemu ya maji mara kwa mara, ng'oa nyuzi kwa mkono, kisha weka konokono wala mwani.