Okestra Nzima kwa Mikono Miwili



Uko muziki wa Kiingereza wa mashambani na malisho ambao twaupenda hata hapa Laare, juu ya vilima vya Nyambene. Mmojawapo ni ule wa Ralph Vaughan Williams uliojengwa juu ya wimbo wa kale, Greensleeves. Ulitoka katika opera yake, na mwaka 1934 Ralph Greaves akaupanga kwa fidla, filimbi na kinubi.

Lakini mpiga kinanda wa kanisani ana mikono miwili na miguu miwili tu. Afanyeje?

Tulipojaribu mara ya kwanza tulinakili kila noti, tukiogopa kuacha hata moja. Vidole vikakwama. Waumini walikaa kimya kwa adabu, wala hapana aliyeutambua wimbo.

Kosa lilikuwa letu. Uzi wa kinubi ukisha kuguswa, sauti yake hufifia yenyewe. Bali bomba la kinanda hulia mfululizo mpaka kidole kiinuke. Basi noti za kinubi zikinakiliwa zote na kushikiliwa, huwa makelele. Fidla nayo huongezewa nguvu kwa upinde, lakini bomba halijui kidole kizito wala chepesi. Sharti mguu ufungue polepole milango ya sanduku la mabomba. Miguu hiyo hiyo ndiyo ishikayo besi! Hivyo twauliza kwanza, wimbo wenyewe uko wapi? Ndipo tujue la kuacha.

Wazee wengine hutuuliza, muziki wa Wazungu una kazi gani Laare? Swali ni la haki. Huyo Vaughan Williams mwaka 1903 alimsikiliza mzee wa kijiji cha Forest Green akiimba wimbo wa mkulima, na mwaka 1906 akautia sauti yake katika kitabu cha nyimbo za Kianglikana. (Naye hakuwa mtu wa kukiri imani, Mungu ana watumishi wa ajabu.) Na kwetu, mwaka 1963, tume ya watu watano, Thomas Kalume akiwa mmoja wao, ilichukua bembelezo la Wapokomo likawa Wimbo wa Taifa. Leo bendi ya tarumbeta hulipiga, na mama wa Mto Tana bado angelitambua.

Jumapili iliyofuata tuliacha karibu nusu ya noti. Mama mmoja wa kwaya akaanza kuvumisha, taratibu, kutoka kiti cha nyuma.

Fungueni sasa 1 Wakorintho 14:7, Paulo anenapo habari za filimbi na kinubi.