Kukereza, Kunoa na Kulainisha: Vitenzi vya Kazi ya Silinda

Usahihi wa istilahi haupimwi kwa kamusi peke yake; hupimwa pia kwa matokeo ya kazi. Ukarabati wa silinda za injini iliyochakaa ni mfano mzuri. Katika uwanja huu majina mengi yametoholewa: injini, silinda, pistoni, ringi, oili. Majina hayo hayaleti utata, kwa kuwa kitu chenyewe kimo mkononi mwa fundi. Vitenzi, kinyume chake, ni vya Kiswahili cha zamani, navyo vimeingia gereji vikiwa na maana zake za awali. Hapo ndipo penye tatizo.

Silinda haichakai kwa usawa. Sehemu inayolika zaidi ni ya juu, mahali ringi ya kwanza inapogeukia, kwa sababu huko joto na shinikizo ni kali na oili ni haba. Aidha, pistoni husukumwa ubavuni, hivyo mviringo hugeuka kuwa duaradufu. Kwa hiyo fundi hupima juu, katikati na chini, na kila mahali hupima pande mbili zinazokingamana. Kitenzi “kuchakaa” hakitofautishi kasoro hizo mbili. Vipimo ndivyo vinavyozitofautisha.

Hatua ya kwanza ni kukereza. Seremala anapokereza tendegu la kitanda, mti huzunguka na patasi hutulia. Katika silinda mambo ni kinyume: bloki ya injini hutulia na kisu huzunguka ndani yake. Maana ya kitenzi imepanuka bila kupotea, kwani kiini chake, yaani kukata kwa mzunguko, kimebaki. Silinda hupanuliwa hadi kipimo cha pistoni kubwa zaidi, aghalabu kwa milimita 0.25, 0.50, 0.75 au 1.00. Fundi makini huipima kwanza pistoni mpya, kisha huacha sehemu ndogo ya milimita, kama 0.05, kwa ajili ya hatua ya pili.

Hatua hiyo ya pili ndiyo yenye utata. Mawe ya kunolea huzungushwa ndani ya silinda huku yakipanda na kushuka, nayo huacha mistari myembamba inayokatana, mara nyingi kwa pembe ya nyuzi 45 hivi. Mwanafunzi akiambiwa kwamba kazi hii ni “kulainisha”, atasugua mpaka ukuta ung'ae kama kioo. Kitenzi hiki kina maana mbili: kuondoa ukwaruzo, na kutia mafuta ili vitu visisagane. Kwingineko maana hizo hupatana; hapa zinapingana. Ukuta uliolainishwa mno kwa maana ya kwanza haulainiki kwa maana ya pili, kwa sababu oili haina mahali pa kushika. Ringi mpya nazo hazikai sawasawa, na injini huanza kula oili na kutoa moshi.

“Kunoa” ni bora zaidi. Ni kweli kwamba silinda haina makali, lakini kifaa ni kinoo, na kitenzi hufuata kifaa. Hata Kiingereza kilipata jina la kazi hii kutokana na jiwe la kunolea. Hata hivyo, fasili lazima itaje lengo. Fasili inayofaa ni hii: kunoa silinda ni kuukwaruza ukuta wake kwa vinoo vinavyozunguka vikipanda na kushuka, ili kufikia kipimo na kuacha mistari inayokatana.

Hatua ya mwisho ni kuosha, wala si kusafisha tu. Kwa mazoea, kusafisha vyuma ni kuvipangusa kwa petroli au mafuta ya taa. Mafuta hayo huondoa uchafu wa grisi, lakini huacha chembe za mawe ndani ya mistari, nazo zitailiza ringi na silinda upya. Yatakiwa maji ya moto, sabuni na brashi. Kisha kitambaa cheupe chenye oili hupitishwa mpaka kitoke kikiwa cheupe.

Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa Tanzania mwaka 1967, na tangu hapo usanifishaji wa istilahi umekuwa sehemu ya kazi yake. Mfano wa silinda unaonyesha kwamba kazi hiyo haikamiliki kwa kutafuta jina la kila chombo. Kitenzi kisichofasiliwa vyema humgharimu mwenye gari injini aliyokwisha kuilipia.