Gari la Familia Linapogonga Chini

Kwa majuma mawili mama watoto alikuwa akinieleza kwamba kuna chuma kinachogonga chini ya gari, upande wa kushoto mbele, ambako ndiko anakokaa. Nilimjibu kuwa ni mashimo ya barabara. Hatimaye nikaenda kwa fundi, naye bila hata kuinua tairi akaniambia kuwa ni shokapu. Nikanunua mbili, zikafungwa, na mlio ukabaki pale pale.

Siku chache baadaye tuliondoka Hamugembe kwenda mazikoni Muleba. Tulisoma dua ya safari, watoto wakiwa nyuma. Tukapita Kemondo kwa mwendo wa lami, hakuna tatizo. Tulipoacha lami na kukata kona kuingia njia ya kijijini, tairi la kushoto likalala ubavu na gari likapiga pua ardhini. Boljointi ilikuwa imechomoka. Alhamdulillahi, mwendo wetu wakati huo ulikuwa ni wa mtu atembeaye kwa miguu. Muda mfupi kabla ya hapo nilikuwa nikipishana na mabasi.

Ndugu msomaji, nimeyaandika haya kwa sababu wengi wetu tunaendesha magari yaliyokwisha kutumika Japani miaka mingi kabla ya kufika kwetu, na kila mlio wa chini tunauita shokapu. Shokapu iliyochoka inachosha abiria na kurefusha breki. Boljointi iliyochoka inaua. Kuzitofautisha hakuhitaji gereji.

Tuanze na nyepesi. Gari likiwa limesimama mahali tambarare, bonyeza kwa nguvu kona moja ya bodi mara tatu au nne kisha uachie. Likiendelea kunesa zaidi ya mara moja au mbili, shokapu ya kona hiyo imekwisha. Lisiponesa usiridhike haraka, kwani kipimo hiki hakikamati kila ugonjwa. Chungulia mwili wa shokapu: ikiwa imelowa mafuta yaliyoshika vumbi, inavuja. Kwa mvua zetu za Bukoba ni rahisi kudanganywa na maji, kwa hiyo ifute kwa kitambaa na uitazame tena kesho yake. Papasa pia uso wa tairi kwa kiganja. Mabonde mabonde ni dalili ya shokapu. Kuliwa upande mmoja ni dalili ya bushi, boljointi, au tairi kutokaa katika mstari wake.

Gari likiegemea upande mmoja, chukua futi ya fundi cherehani, upime kutoka katikati ya rimu hadi ukingo wa bodi juu yake, kushoto na kulia. Tofauti kubwa huwa ni springi iliyovunjika au kulegea. Na hapa tuambiane ukweli: mikungu ya ndizi tunayorundika nyuma kila tunapotoka kijijini ina sehemu yake katika ugonjwa huu.

Mlio wa kokoko kwenye vishimo vidogo, gari likienda polepole, mara nyingi ni linki za stebilaiza. Mlio unaotoka unapozungusha usukani gari likiwa limesimama, mwambie mwenzako azungushe, nawe uweke kiganja juu ya mauntingi ya shokapu ndani ya boneti. Ikiwa ndiyo mbovu, utaihisi ikiruka mkononi.

Sasa boljointi. Vuta breki ya mkono, weka mawe kwenye matairi ya nyuma, inua upande mmoja wa mbele kwa jeki, kisha uweke stendi madhubuti chini ya fremu. Usiingize hata bega chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, na watoto wakae mbali. Shika tairi juu na chini, ulitikise kwa kuvuta na kusukuma. Likicheza, mwombe mtu akanyage breki huku wewe ukiendelea kutikisa. Mchezo ukipotea, tatizo ni beringi ya tairi. Ukibaki, shuku boljointi, na gari hilo lisiende safari yoyote, hata ya kwenda swala ya Ijumaa, mpaka libadilishwe. Kisha shika kushoto na kulia: mchezo wa upande huo kwa kawaida ni wa tairodi, nao ni wa usukani, hivyo hukumu yake ni ile ile.

Iko hali nyingine ambayo nimeulizwa na zaidi ya mtu mmoja. Umepima, umeona kasoro, kisha unaona afadhali kuliuza gari kabla mlio haujakua. Kuuza ni halali, lakini Mtume (s.a.w.) amekataza muuzaji kuficha aibu ya bidhaa, na mnunuzi akiigundua aibu iliyokuwepo kabla ya mauzo ana haki ya kurudisha. Mwambie boljointi imekwisha, mpunguziane bei.

Ukienda kwa fundi, mwambie ulichokiona na umtake akuonyeshe mchezo huo kwa macho yako kabla hujanunua chochote. Shokapu zibadilishwe mbili mbili, za mbele pamoja au za nyuma pamoja. Na baada ya kufungua boljointi au tairodi, gari lipelekwe kupimwa alaimenti, vinginevyo tairi jipya litaliwa upande kabla hujamaliza kulilipia.